Tulipoisubiri Hari Nyololo

Vijana wangu mliopewa vishikwambi,

Mwezi uliopita mliniita kwenye semina yenu hapa Iringa mjini ili niwape uzoefu, mkanipa dakika kumi. Dakika saba nilizitumia kuwashukuru mgeni rasmi, mwenyekiti na mpishi. Mbili nikatafuta miwani. Ile moja iliyobaki, mmoja wenu akaniuliza kama enzi zetu kulikuwa na mtandao. Nikarudi zangu nyumbani Kihesa na uzoefu wote tumboni, sijatoa hata punje. Mke wangu aliponiona nimenuna akasema, "Si uwaandikie? Wasome wenyewe. Mimi nimeshasikia kila kitu mara mia." Basi naandika.

Naitwa Bakari Shomari. Nimestaafu baada ya miaka mingi ya usimamizi wa kazi katika Mpango. Jina lake kamili lina maneno tisa, na sijapata kukutana na mtu anayeyajua yote, kwa hiyo tuuite Mpango tu, kama walivyouita wenyewe wanakijiji. Ulikuwa unazichukua kaya masikini za wakulima na wavuvi wadogo, zile ambazo chakula kikiisha ndani hazina pa kukimbilia, unazipa kazi za muda: kuchimba mifereji, kupanda miti, kutengeneza njia ya kwenda zahanati. Kwa kazi hiyo mtu anapata posho ya kununulia unga. Mimi nilikuwa yule wa daftari. Naita majina, napima kazi, naandika nani yupo na nani hayupo. Aliyekosa siku tatu katika mwaka, jina lake linatoka. Hilo la siku tatu lishikeni vizuri, kwa sababu ndilo litakalokuja kunivua nguo huko mbele.

Jambo la pili mnalopaswa kulijua ni jina langu la utani. Babu yangu alitoka Kilwa na mzigo wa kanga, akafika Iringa, akaoa, akaishia hapa. Nyumbani kwetu tulianza na Kiswahili, wakati majirani zetu walianza na Kihehe, na Kiswahili wakaenda kukikuta shuleni. Kwa hiyo ofisini kila barua ilipita kwangu ninyooshe lugha. Nilikuwa nasahihisha hata matangazo ya misiba ukutani. Wenzangu wakaniita Bwana Kamusi, na jina likanifuata kila nilikohamishiwa. Wao walitania. Mimi nikalipokea kama cheo, nikaanza kutembea kifua mbele.

Sasa niwaambie habari za siku yangu ya kwanza Igawa. Miaka ya mwanzo nilikuwa huku Iringa nikisimamia kazi ya kupanda miti, kisha nikahamishiwa Igawa, kule Mbarali, pale barabara kuu malori yanaposimama na akina mama wanakimbilia madirishani na mchele na samaki wakavu. Joto la mwezi wa kumi kule halina mchezo. Nilifika na mwavuli mweusi, na mama mmoja wa makamo aliponiona nahangaika kushika mwavuli, kalamu na daftari kwa mikono miwili, akaja kusimama kushoto kwangu akanishikia mwavuli. Mama mwenye adabu kweli.

Mkuu wa kikundi alikuwa Mzee Mwagala, Mhehe aliyezeekea kwenye kazi za barabara, mfupi, maneno machache. Akaninong'oneza, "Bwana mkubwa, usiite majina ya kitambulisho. Utakosa watu."

Nikamwambia serikali inalitambua jina la kitambulisho. Nikaanza. Mambo yakaenda, yakaenda, nikafika kwa Atuganile.

"Atuganile!"

Kimya.

"Atuganile!"

Watu wakatazamana. Mara ya tatu nikaita kwa sauti mpaka kondakta mmoja kule barabarani akageuka. Yule mama wa mwavuli akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Huyo naye mvivu," akaniambia. "Mwache, ita mwingine, jua linawaka."

Nikaandika: hayupo.

Saa saba kazi ilipokwisha, mama wa mwavuli akanijia. Mikono ina malengelenge, amechimba kuliko wanaume wawili. "Baba, mi sijasikia jina langu."

"Unaitwa nani?"

"Mama Ambakisye."

Sina Mama Ambakisye. Nikamwomba kitambulisho, akakifungua kutoka kwenye fundo la kitenge. Kimeandikwa Atuganile. Akakitazama naye, akashika mdomo. "Mwe! Kumbe ndo mimi! Jina hili alikuwa ananiita marehemu baba peke yake. Tangu nimzae Ambakisye sijaitwa tena."

Kikundi kizima kikalala chini kwa kicheko, na yeye mwenyewe akicheka kuliko wote. Mimi sikucheka. Nilikuwa mtu wa kanuni. Nikamwambia pole mama, daftari ni wino, kalamu ikishapita imepita. Akaacha kucheka. Mzee Mwagala akaweka jembe begani akaenda.

Ninyi leo hamuiti majina, mnaomba vidole. Msidhani mmepona. Kidole cha mtu aliyeng'oa miche ya mpunga wiki nzima, au aliyeparua samaki kwa majivu, kimefutika mistari. Kishikwambi kitakwambia mtu huyu hajulikani, na mtu mwenyewe amesimama mbele yako anatoka jasho. Mwambie anawe, apake mafuta kidogo, ajifute na kitenge, ajaribu kidole kingine. Na kabla ya yote muulize, nyumbani wanakuitaje?

Mzee Mwagala alinifundisha mengi, nami nilikuwa mwanafunzi mbaya. Mfereji wa kwanza nilioupima mimi mwenyewe kwa futi, kwa kamba na vigingi, ulikuwa umenyooka kiasi cha kupigwa picha. Tulipofungulia maji, maji yakaingia hatua kumi, yakasita, yakarudi yalikotoka. Mzee akasubiri nimalize kulaumu maji. Kisha akachota ndoo moja, akaenda kando, akaimwaga chini taratibu. Maji yakatambaa upande wa pili kabisa, yanapinda kama yanavyotaka. "Unayauliza kwanza," akasema. "Ndo unachimba." Tukachimba upya.

Jingine lilikuwa la saa. Kanuni yetu ilikuwa kuanza saa moja kamili asubuhi na kumaliza saa saba, uwe umechimba shimo au umeegemea jembe. Mzee alikuwa na fimbo yake ya mti, urefu wa mipini miwili ya jembe, akisema kila mtu apimiwe kipande chake, akimaliza aende zake. "Ukiwapa saa, wanaangalia jua. Ukiwapa kipande, wanaangalia kipande." Nikamwambia hayo ni mambo ya zamani. Mtu wa miaka arobaini na kitu anamwambia mtu wa sabini kwamba hiki ni cha zamani! Ujana wangu huo ulichelewa kuisha.

Lakini mtajiuliza, kwa nini tulikuwa tunachimba mifereji Igawa mwezi wa kumi, udongo ukiwa mgumu mpaka jembe linaruka na kurudi usoni? Hapo ndipo penyewe. Turudi nyuma miezi michache.

Zamani kazi za Mpango zilianza wakati wowote fungu likifika. Likifika wakati wa kuvuna, watu wanaacha mavuno. Likifika wakati wa kupanda, wanaacha kupanda. Watu wakalalamika, viongozi wakasikia, na makao makuu wakaamua kuurekebisha Mpango. Ukaja waraka wa ukurasa mmoja. Mstari uliotuhusu ulisema: kuanzia sasa kazi zote za muda zifanyike katika kipindi cha hari.

Mkuu wetu wa ofisi akausoma, akavua miwani, akasema, "Kipindi cha nini?" Kila mtu akanigeukia. Vijana, kuna furaha mtu anaipata akigeukiwa na chumba kizima. Nikakohoa kidogo.

"Hari," nikasema, "ni joto. Joto kali, na jasho lake. Wazee wa pwani husema, leo kuna hari. Kwa hiyo kazi zifanyike miezi ya joto."

Aliyeuliza swali ni mmoja tu, rafiki yangu Chengula, aliyekuwa akisimamia Nyololo, kule Mufindi. Chengula ni Mbena mrefu, mpole, anayetii maandishi. "Samahani, Bwana Kamusi. Sasa makao makuu joto wanalitakia nini?"

Kuuliza si ujinga, na mimi ningeweza kuuliza pia. Simu ya kupigia makao makuu ilikuwa pale mezani, karibu na kiwiko changu. Lakini Bwana Kamusi apige simu aulize maana ya neno la Kiswahili? Nikatunga sababu. Nikasema joto hulegeza udongo na hukausha matope kwenye majembe. Mkuu akaandika hivyo hivyo kwenye ratiba.

Basi Igawa tukaanza mwezi wa kumi. Na Nyololo wakasubiri.

Mmeshapita Nyololo asubuhi? Ukungu umekaa barabarani, malori yanawasha taa, mama wa chai amevaa sweta mbili na shuka juu. Chengula akasubiri joto. Kila Jumatatu ananipigia.

"Kamwene, Bwana Kamusi."

"Kamwene. Vipi huko, hari?"

"Bado. Kuna manyunyu."

Wiki ya pili bado. Wiki ya tatu akaazima kipimo cha joto zahanati ili awe na ushahidi wa kitaalamu. Akakiweka nje kwenye jiwe. Akanipigia akiwa na wasiwasi: "Kipimo hakipandi kabisa. Nesi anasema kwa kipimo hiki, Nyololo ni maiti." Kumbe kilikuwa kile cha kupimia homa. Nikamwambia avumilie, hari itakuja tu. Na watu wake, kaya zile zilizoandikishwa, kila asubuhi wanachungulia ofisini kwake kuuliza kazi inaanza lini, naye anawaambia, "Tunasubiri jua." Wanatazama mbinguni, wanarudi kwao.

Huku Igawa jua tulikuwa nalo la kugawia wilaya nzima, ila watu ndio walianza kupungua. Sikuelewa. Leo naelewa hata nikilala. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kule bondeni, mito midogo inakatika na maji yanabaki kwenye madimbwi. Kambale wote wanajikusanya humo. Kwa mvuvi wa migono, yaani vile vikapu virefu vya kutegea samaki, hayo ndiyo mavuno yake ya mwaka. Na mkulima wa mpunga ndipo anapotafuta mbegu na kutengeneza kitalu. Ndiyo miezi pekee ambayo watu wale walikuwa na kazi zao wenyewe, na ndiyo miezi niliyoichagua mimi kuwaita kwenye mfereji.

Mama Ambakisye alikuwa yote mawili. Mjane, jaruba moja la kukodi la mpunga, na migono minne dimbwini. Siku moja hakuja kabisa. Kesho yake akaniambia bila kuficha kwamba alikuwa dimbwini. Nikaandika kosa la pili. Nikamkumbusha kwamba la kwanza lilikuwa lile la siku ya jina. "Lile lilikuwa la kwako," akasema. Nikajifanya sikusikia.

Halafu ikaja siku ya ugeni. Mratibu mpya kutoka makao makuu alikuwa anapita kukagua jinsi waraka unavyotekelezwa. Nikavaa shati la mikono mirefu. Saa moja nikaita majina, Mama Ambakisye hayupo. Saa mbili, kwa mujibu wa utaratibu, nikapiga picha ukurasa wa daftari kwa simu nikautuma ofisini. Kosa la tatu limekwenda. Saa tatu gari jeupe likaingia, Mratibu akashuka, mama mnene mchangamfu mwenye viatu vya kisigino kirefu, akaanza kusalimia mstari mzima. Na hapo hapo, kutokea bondeni, akaja Mama Ambakisye, magoti yamejaa matope, ndoo kubwa kichwani, ndani ya ndoo kunapigwa mikia.

Nikamwendea mbio nimzuie asiharibu mapokezi. "Mama Ambakisye, umechelewa. Nimeshaandika, na nimeshatuma. Ni ya tatu hiyo."

Akatua ndoo chini polepole. Alikuwa anahema.

"Bwana Kamusi, dimbwi linakauka. Wale samaki kesho ni tope. Hii samaki ndo mbegu yangu ya mpunga, ndo kodi ya jaruba. Nikiacha samaki, sina shamba. Nikiacha mfereji, sina jina, na mwezi wa pili nikikosa unga sina pa kwenda. Sasa nambie we mwenye kusoma. Nikate mguu gani?"

Nilijisikia vibaya, na nilipojisikia vibaya nikafanya wanavyofanya wakubwa wengi wakiishiwa: nikapandisha sauti. Nikasema kanuni ni kanuni, nikarudi nyuma hatua moja kwa madaha, na kisigino changu kikaingia kwenye ndoo.

Kambale, kama hamjui, hutembea. Anajinyonganyonga kwa tumbo anakwenda, na ukimshika anateleza. Wale walikuwa kama ishirini na wote walikuwa na haraka. Wengine wakaelekea chini ya gari jeupe, wengine wakaingia kwenye mfereji wetu mkavu, viumbe wa kwanza wa majini kuutumia. Kikundi kikatupa majembe. Sijawahi kuona kikundi changu kikifanya kazi kwa bidii namna ile. Mzee Mwagala, wa miaka sabini, alikuwa amelala kifudifudi chini ya gari akitoa maelekezo. Mratibu alivua viatu, akamkanyaga kambale mmoja mkia, akamshika nyuma ya kichwa kama mtu aliyezaliwa kando ya mto, akamrudisha ndooni huku akicheka mpaka machozi.

Alipopata pumzi akatutazama, vumbi mpaka viunoni. "Jamani, haya madimbwi yakikauka si ndiyo mavuno yenu? Nani aliwaambia mfanye kazi za Mpango mwezi huu?"

"Waraka, Mheshimiwa," nikasema. "Kipindi cha hari."

"Ndiyo. Hari."

"Na hii ndiyo hari, Mheshimiwa." Nikaonyesha jua, kwa ushahidi.

"Baba," akasema Mratibu kwa upole ambao mpaka leo unaniuma, "kwenye Mpango hari ni miezi ya njaa. Ile chakula kimekwisha ndani na kipya hakijaiva. Imeelezwa kwenye kiambatisho."

Kiambatisho nilikuwa nacho. Nilikifungia maandazi.

Kama Mungu angekuwa na haraka ya kunihurumia, angeishia hapo. Simu yangu ikalia. Chengula. Nikataka kuikata, Mratibu akasema, "Pokea, huenda ni ya kazi. Weka sauti tusikie wote."

"Kamwene, Bwana Kamusi!" Sauti ya furaha, kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule uanze. "Leo nimevua koti! Nianze?"

Upepo ukasikika kule Nyololo, halafu Chengula akasema polepole, "Basi ngoja. Nimelivaa tena."

Mnaweza kucheka, na mimi nacheka sasa. Siku ile watu walicheka mpaka jua likahama, lakini mimi nilimwona Mama Ambakisye pembeni akiwapanga samaki wake ndooni. Yeye hakucheka. Utani wetu wote ulikuwa umemgharimu yeye. Nikamfuata, nikachuchumaa. Nikamwuliza, kwa aibu ya mtu aliyekosa neno, "Mama, ninyi wenyewe hiyo miezi mnaiitaje?"

Hakuinua uso. "Hatuiiti. Tunafunga mlango tukila."

Mimi ni mtoto wa Kiswahili. Nimekulia katika desturi kwamba mtu akipita wakati unakula, unasema karibu, hata kama kilichopo ni kitonge kimoja. Sikuwahi kufikiri kuna nyumba inafunga mlango mchana ili isilazimike kulitamka neno hilo. Nilijua maneno mengi sana, vijana wangu, na hilo sikulijua.

Jioni ile niliandika barua kwenda ofisini. Niliianza mara nne. Nilitaka kuandika kuhusu dosari za kiutaratibu na mkanganyiko wa istilahi, na kila nikiisoma nasikia sauti ya Chengula anavaa koti. Mwishowe nikaandika mistari mitatu: "Siku ya kwanza ya kazi Igawa, Atuganile alikuwepo. Alisimama kushoto kwangu akinishikia mwavuli. Aliyekosa ni mimi, naomba kosa lile liandikwe kwangu." Nikatia sahihi, Bakari Shomari, nikaipeleka mwenyewe kwa pikipiki, nisije nikabadili mawazo njiani.

Mkuu wa ofisi akaisoma mara mbili, akafuta alama moja kwenye orodha. Mama Ambakisye akabaki na makosa mawili na jina lake. Mimi nikapewa barua ya onyo, ninayo mpaka leo, na lugha yake ina makosa mawili ambayo sikuyasahihisha.

Mratibu akasimamisha kazi Igawa watu warudi kwenye madimbwi na vitalu vyao. Kisha tukafanya lile ambalo tungelifanya mwanzo, tukawauliza wenyewe. Tuliitisha mkutano kwenye ofisi ya kijiji. Sikutaja neno hari, nilikuwa nimelikoma. Nikasema, "Naomba mniambie. Mwezi gani mnafunga mlango?"

Watu wakainama kama waliokamatwa. Bibi mmoja wa nyuma akasema, "Wa pili." Mwingine akasema wa pili na wa tatu. Mvuvi mmoja akasema mafuriko yakija samaki hutawanyika bondeni kote na migono inabebwa na maji, kwa hiyo naye hufunga miezi hiyo hiyo. Baada ya hapo ikawa kelele, watu wanataniana nani hufunga kwa komeo na nani kwa kigoda. Kule Nyololo, Chengula aliuliza vile vile, kwao ikawa mwezi wa kwanza, mahindi yakiwa bado machanga na watoto wanataka sare. Kwa mara ya kwanza ratiba zetu mbili hazikufanana, na mkuu wa ofisi akaumwa kichwa, lakini zikapitishwa.

La saa moja asubuhi nalo likafa. Niliomba mbele ya kikundi kizima kuazima fimbo ya Mzee Mwagala. Kila mtu akapimiwa kipande chake, achimbe asubuhi au alasiri akishatoka kwenye migono, mradi kimekwisha kabla jua halijazama. Mzee akanipa fimbo. Jioni nikamrudishia, kesho yake nikakuta amechonga juu yake jina langu la utani, herufi moja imegeuka, kwa makusudi nadhani.

Mwezi wa pili kazi ikaanza Igawa kwenye udongo laini. Wiki ya tatu nikaenda kukagua. Nilifika saa saba mchana na manyunyu, mfereji una watu wachache tu, wengine wameshamaliza vipande vyao. Nikaegesha pikipiki nikapita kijijini kwa miguu. Siwadanganyi kwamba kila mlango ulikuwa wazi. Mingine ilikuwa imefungwa, na niliipita haraka bila kugeuza shingo, maana sasa nilijua. Mvua ikaongezeka. Nikainamisha kichwa nikaharakisha.

"Bakari Shomari!"

Sikusimama. Nilidhani anaitwa mtu mwingine.

"Bakari Shomari!"

Nikageuka nyuma kumtafuta huyo Bakari. Hakukuwa na mtu njiani ila mimi na bata wawili. Mama Ambakisye alikuwa ameketi ndani, mbele ya sinia, ugali wa kiasi na kambale mkavu mmoja, ananitazama kupitia mlango ulioachwa wazi mpaka mwisho, mvua inarukia kizingitini. Barua yangu walikuwa wamemsomea kwenye ofisi ya kijiji, sahihi na yote.

"Bakari Shomari," akaita mara ya tatu, ameinua kidole kama kalamu. "Niandike hayupo?"

"Yupo," nikasema, nikavua viatu, nikaingia.